Nikimaliza Ndizi

Hanna wa Nkoaranga alikuwa ameshuka Arusha mara zisizohesabika, lakini ukimuuliza mji ukoje, atakutajia bei ya mkungu. Kwa miaka ishirini, kila Jumanne na Jumamosi, alikaa chini kwenye kona moja ya Soko Kuu akiuza ndizi mshare za shambani kwake, na alichokijua cha mji ni miguu ya wateja. Mnara wa Saa aliusikia kwa wanawe.

Basi mwaka wa tisini na tano, mwaka wa pili tangu amzike mumewe, alikata shauri kwenda mjini kutembea. Kutembea tu, kama mgeni. Rafiki zake wawili wakadakia kabla hajamaliza kusema: Anande, mama yake Reginald, ambaye mdomo wake haujui kupumzika, na Namnyaki, mwenzao wa kwaya, mpole wa kupindukia. Wangeuona huo mnara, wangechungulia maduka ambayo tangu biashara ifunguliwe yalikuwa yamejaa redio na televisheni, wangekunywa soda. Nauli isingewasumbua. Siku hizo wanunuzi binafsi wa kahawa walipandisha malori yao mpaka kijijini, na dereva mmoja alikubali kuwashusha bure.

Hayo yalikuwa ya rafiki zake. Hanna alikuwa na lake moja, nalo halikumpa usingizi.

Mumewe, Thomasi, alikuwa fundi mwashi. Yeye na wenzake ndio waliojenga ghorofa la mfanyabiashara Luqman, mkabala na soko, jengo lililochukua miaka minne kwa sababu saruji ilikuwa ya kuvizia. Wiki nzima alilala mjini, Jumamosi jioni akarudi nyumbani na wimbo ule ule: ukisimama juu kule unaliona bega la mlima, unaiona Nkoaranga yote mpaka bati la kanisa. Siku moja nitakupandisha uone, alimwambia. Na Hanna siku zote alijibu, "Nikimaliza ndizi." Ndizi hazikuisha. Zilizoisha ni siku za Thomasi. Cha ghorofa lile alichokijua Hanna ni vumbi tu, lililotua kwenye ndizi zake akalilaani.

Thomasi alikuwa na jambo lake jingine. Alijua ya sokoni kabla hajaambiwa. Leo ulihamia upande wa jua, atasema akivua viatu. Leo ulisinzia. Kile kitambaa chako cha njano kinakupendeza. Hanna aliamini pale sokoni pana mmbea, na kwa miaka mingi alimnunia muuza nyanya wa jirani yake, maskini ya Mungu, asiye na kosa lolote.

Asubuhi ya safari walikutana kwenye lori, na kila mmoja alikuwa na mkungu kichwani. Hawakuwa wamepatana hivyo. Lakini mwanamke wa mlimani ashuke mjini kichwa kitupu? Watu watauliza amefiwa na nani. Wakatazamana, wakacheka, Anande akasema watauza upesi waendelee na mambo yao. Upesi huo ulikwenda mpaka saa sita mchana.

Mnara wa Saa waliuona. Anande aliuzunguka mara mbili akitafuta sehemu yake iliyobaki. Soda walinunua moja, mirija mitatu. Dukani walisimama mbele ya televisheni mpaka muuzaji akawauliza kama wananunua. Hanna alicheka nao, lakini moyo ulikuwa umekwishapanda ngazi peke yake.

Mlinzi wa ghorofa la Luqman alikuwa mzee Uwesu, ambaye wakati wa ujenzi alilinda saruji. Hanna alimpa shikamoo, akajitaja. Mzee akasimama. Alimpa pole ya Thomasi kama aliyefiwa jana, kisha akachukua funguo.

Juu kabisa, kwenye zege, Hanna aliuelekea ukuta mfupi wa upande wa mlima. Mlima haukuwapo. Lilikuwapo wingu, jeupe, zito, limekalia kila kitu kuanzia mashamba ya chini. Mzee Uwesu akasema mlima ulikuwa wazi mpaka saa tatu hivi.

Kana kwamba Hanna alihitaji kuambiwa. Amezaliwa juu yake. Anajua mlima hujifunika kabla ya mchana kama anavyolijua jina lake. Ila mkungu ukishakaa kichwani, kichwa hakiwazi kingine. Zilikuwa ndizi tena. Ilimuuma, akashika ule ukuta kwa mikono miwili. Anande akanyoosha kidole kwenye wingu na kuapa kwamba yeye analiona bati la kanisa, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemcheka.

"Mama," mzee Uwesu akasema, "mumeo mlima hakuuangalia sana. Chai yake alikuwa anainywea upande ule."

Akawapeleka upande wa pili. Hanna akainama kidogo. Chini yake lilikuwa Soko Kuu, na kwenye kona ya soko, karibu kabisa, kipande cha sakafu alichokikalia miaka ishirini. Upande wa jua na upande wa kivuli. Muuza nyanya alikuwapo, hata rangi ya kanga yake ilionekana.

Hapo ndipo Hanna alipomjua mmbea wake.

Miaka minne mtu anamwangalia kutoka hapa, na yeye hana habari, amezama kwenye mizani na vumbi. Angejua, angeinua uso. Angempungia mkono mara moja tu.

"Mama Reginald," alimwambia Anande, "nenda ukakae pale pangu."

"Nikafanye nini?"

"Ukae tu. Nataka kuona alichokuwa anakiona."

Anande alinung'unika ngazi zote, lakini alikwenda. Wakamwona akivuka barabara, akikaa kwenye kile kipande, akinyoosha miguu. Dakika haikupita, alikwishaanza mazungumzo na muuza nyanya.

Hanna akainua mkono, akampungia. Alipunga mpaka mkono ukachoka, na Anande hakuinua uso hata mara moja.