Gari Lililomaliza Zizi

Juzi asubuhi pale Ngulyati nilikuta gari jipya la umeme, la safu tatu za viti, limezimika barabarani. Kijana aliyeliagiza kutoka nje alikuwa anampeleka mama yake hospitali Bariadi mjini. Mama alikuwa amelazwa safu ya nyuma, akihema kwa shida.

"Umeme umekatika tangu juzi, sikupata pa kuchaji," kijana aliniambia.

Nikamgeukia baba yake, aliyekuwa amesimama kando ya gari. "Mzee, si tulivute kwa maksai?"

Mzee aliinua mkono kuelekea zizi lao ng'ambo ya barabara, kisha akaushusha.

"Maksai nao tuliwauza, ndipo likaja hili."

Tukaanza kusukuma. Gari zito mno, na halina hata muungurumo wa kutudanganya kwamba linajitahidi.