Kuinuka Bila Kushika Meza

Fundi cherehani wa Mlandege alikuwa na vidole vikavu vinavyonukia mafuta ya mashine, na kila alipoinuka hakushika meza. "Uzee ni magoti, mdogo wangu," alimwambia shoga yake Matilda, aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka ishirini. "Siku watoto watakapokuona umeshika meza, nyumba si yako tena." Matilda alikuwa akicheka tu. Jumapili moja mwana wa kwanza wa fundi aliingia, katoka Mbeya. "Kamwene, mama!" akasalimia kwa lugha ya nyumbani. Fundi akainuka kumpokea, goti likagoma, akaidaka meza kwa mikono miwili. Matilda akamkimbilia. Mwana hakusogea, alitazama ukuta, akatazama paa, kisha akauliza kwa upole, "Mama, hati ya nyumba siku hizi unaiweka wapi?" Fundi akamgeukia Matilda. "Bado unacheka?"