Mpira wa Maji ya Moto Siku ya Ayie

Mpaka leo nikipita soko la Homa Bay kuna mama mmoja wa omena, wale dagaa wa ziwani, ambaye akiniona tu anaacha kupima, anashika kiuno na kuuliza kwa sauti inayofika ziwani, "Nyar Migori, maji yalikauka?" (nyar ni binti wa, na binti huyo wa Migori ni mimi) na soko lote linacheka, na mimi nacheka pia maana nitafanya nini jamani, nilishaaibika mbele ya wakwe, mbele ya askari wa hospitali na mbele ya kuku wawili waliofungwa miguu, hakuna aibu iliyobaki ya kuficha. Kwa hivyo ketini niwasimulie mimi mwenyewe, kwa sababu huko sokoni hadithi imetiwa chumvi (eti nilikuwa nimebeba ndoo, haikuwa ndoo).

Kwanza niwaeleze ugonjwa, na msichoke, nitaenda polepole kama ninavyowaelezea wasichana ninaowafundisha kushona kule Migori. Mnaijua bitana, kile kitambaa cha ndani ya koti? Mfuko wa uzazi nao una bitana yake, inashonwa na kufumuliwa kila mwezi, na hiyo ndiyo hedhi. Mimi sasa, kitu kinachofanana na ile bitana kimeota nje ya koti, huku nyuma, huku pembeni, karibu na utumbo, na kila mwezi nacho kinavimba na kuvuja kama mwenzake, ila hakina mlango wa kutokea. Huo ndio uchungu wenyewe. Unaitwa endometriosis, na kabla sijalijua jina hilo niliambiwa kwa miaka mingi kwamba ni kawaida ya wanawake, kisha nilipoolewa na Ouma nikaambiwa dawa yake ni kuzaa, na kuzaa kwenyewe kukawa hakuji.

Daktari wa Homa Bay, dada mmoja mpole, ndiye aliyenieleza bila kuniharakisha. Kuna vidonge vya homoni vya kumeza kila siku ili ile bitana ya nje itulie. Kuna koili yenye homoni, inawekwa ndani ya mfuko wa uzazi na kukaa miaka. Kuna upasuaji wa kupitia matundu madogo, huo ningepelekwa Kisumu. Hakuna hata moja inayong'oa ugonjwa kabisa, alisema, na ukiwa kwenye vidonge hivyo au koili hutashika mimba, kwa hivyo nenda ukafikirie unataka nini kwanza, kupumzika na uchungu au kutafuta mtoto, halafu uje Jumatatu uniambie. "Uniambie wewe," akasisitiza, "si jirani yako."

Moyoni nilishajua. Nilitaka koili. Nilikuwa nimechoka kulala sakafuni chini ya cherehani huku wanafunzi wangu wakinirukia kwenda kuchukua uzi. Ouma alikubali haraka, akaniambia mwili ni wangu, akanishika mkono, nikampenda upya, kisha akaongeza, "Ila Mama utamwambia wewe." Mama mkwe wangu, ambaye amekuwa akinitazama tumbo tangu harusi kama mtu anayetazama sufuria ambayo haichemki!

Sasa Jumamosi kabla ya hiyo Jumatatu ilikuwa ayie ya wifi yangu, dada yake Ouma, nyumbani kwa akina Ouma, nje kidogo ya Homa Bay. Ayie ni siku ambayo wanaomtaka binti wanakuja kumwomba mama yake, na mama akisema "ayie", yaani nimekubali, mambo mengine ndipo yanaendelea. Wageni walikuwa wanatoka Kendu Bay, na wake wa nyumba hiyo, mimi nikiwemo, tulikuwa na kazi ya kuwapikia. Na uchungu wangu, ambao hauna adabu, ukaamka asubuhi hiyo hiyo.

Ningeweza kusema naumwa nikalala. Lakini mara ya mwisho niliposema hivyo, Mama Steve, mke wa kaka yake Ouma, aliuliza jikoni kwa sauti kwa nini tumbo langu linaogopa vyungu tu. Basi nikaamua jambo dogo, dogo kabisa: nikaujaza maji ya moto ule mfuko wangu wa mpira wa kukandia uchungu, mwekundu, nikaufunga tumboni kwa leso, nikavaa dera juu. Dera linaficha kila kitu. Nilijipongeza.

Dera halifichi kila kitu.

Nilikuwa nimeinama kwenye sufuria ya ugali nikasikia kimya nyuma yangu. Nikageuka. Mama mkwe alikuwa anatazama tumbo langu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, sufuria ilikuwa imechemka. Kwao mimba haitajwi kwa sauti, wanaogopa kuitia jicho, kwa hivyo hukuti mtu anayekuuliza, wanaanza tu kukutendea. Akaingia ndani, akarudi na kiti chenye mto, akanitoa mwiko mkononi.

"Keti, nyathina, mwanangu."

"Mama, ugali utaungua."

"Mama Steve ana mikono."

"Ninayo tangu zamani," Mama Steve akasema, "leo ndio imeonekana?"

Mnauliza kwa nini sikusema pale pale. Nitasemaje? Samahani Mama, lile jambo ambalo hujasema si kweli? Hakukuwa na neno la kukanusha! Na kiti kilikuwa na mto, na mpira ulikuwa wa moto, na uchungu ulikuwa umeanza kulegea. Nikaketi. Nikaletewa maziwa. Nikaletewa kichwa cha samaki ngege, ambacho katika nyumba hiyo sijawahi kukiona kwa karibu. Shangazi mmoja akapita akanitia kiganjani kipande cha odowa, lile jiwe la udongo wanalotafuna wajawazito, akanikonyeza, na mimi kwa heshima nikatafuna udongo saa nne asubuhi mbele ya watu wazima.

Wageni walipofika nilitolewa jikoni nikaketishwa sebuleni mstari wa mbele pamoja na kina mama. Msemaji wao, mzee mnene wa maneno matamu, akasimama akasema wamefurahi kuingia kwenye boma lenye baraka, "na baraka nyingine tunaziona kwa macho," akanielekezea kofia. Vigelegele! Ouma akaja kuniinamia sikioni, macho yanang'aa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini?"

"Akinyi, mimi ndiye baba!"

"Ouma, huu mpira uliununua wewe."

Uso wake ulishuka taratibu, kama pazia. Akasema atatafuta namna ya kumwambia Mama, akaenda kusimama karibu na soda, na huko ndiko alikobaki.

Halafu kina mama wakaanza kuimba, na mama mkwe akaja kwangu akicheza, mikono wazi, machozi yanamtoka, akaninyanyua kitini na kunikumbatia. Ni mwanamke mwenye nguvu, amevuta nyavu ujanani. Nikasikia kizibo kikisema pop.

Maji yalikuwa bado vuguvugu. Yalishuka miguuni, yakajaa viatuni, yakaenea kwenye zulia mpaka viatu vya yule mzee msemaji, naye akainua mguu mmoja, kisha wa pili. Wimbo ukakatika. Na mama mkwe, ambaye asubuhi yote hakutaja neno, akalitaja lote kwa mpigo:

"Uwi! Maji yamevunjika! Mimba changa hivi! Mtoto anakwenda!"

"Mama, ni mpira—"

"Usiongee! Pumua!"

Nilibebwa. Wengine miguu, wengine mabega, nikaingizwa kwenye gari la wageni, nyuma, penye kuku wao wawili wa zawadi ambao hawakuwa wameteremshwa. Mama Steve akaipandisha miguu yangu mapajani mwake (na niseme ukweli, yule mwanamke alikuwa analia). Nikisema mpira, mama mkwe anasema amechanganyikiwa maskini, na kuomba kwa sauti. Nikitaka kufungua leso, imelowa, fundo halitoki, na ananipiga mkono, acha kujishika tumbo! Kuku nao wanapiga kelele. Hospitali haikuwa mbali, lakini nilizeeka njiani.

Mlangoni waliponishusha, leso ikaachia. Kitu chekundu kikateleza chini ya dera na kuanguka kwenye saruji, pwaa. Askari wa mlangoni akakiokota kwa vidole viwili, akakigeuza, akamtazama mama mkwe.

"Mama, mgonjwa ni huyu?"

Hakuna aliyecheka. Nesi akatoka akauliza mgonjwa ana shida gani, na wote wakanigeukia, na nikaona kwamba Ouma yuko kwa wageni, Jumatatu iko mbali, na hapa hakuna wa kusema ila mimi, nimelowa hadi soksi.

"Sina mimba," nikasema. "Nina endometriosis. Naumwa kila mwezi, si uvivu, na nimeamua nitawekwa koili kwanza nipumzike. Mtoto nitamtafuta baadaye, kama atakuja. Samahani, Mama. Nilipewa kiti, nikashindwa kukiacha."

Mama Steve akatazama kuku. Mama mkwe akauchukua ule mpira kwa askari, akaukamua maji yaliyobaki, akaukunja kwenye leso kama kitu cha thamani. Kisha akaketi kwenye benchi.

"Kila mwezi unalala chini?" akauliza.

"Kila mwezi."

"Na unatapika?"

"Natapika."

Akausogeza ule mpira mapajani. "Mimi pia. Mama mkwe wangu aliniambia nikizaa uchungu utaisha. Nimezaa sita." Akainua vidole sita, akavitazama. "Haukuisha." Halafu akamgeukia nesi, mkali ghafla kama kawaida yake: "Sasa unaandika nini? Mpe mtoto dawa ya uchungu!"

Nikapewa dawa, na ndipo Mama Steve akauliza polepole, "Lakini Mama, ayie je?"

Yawa! Mwenye kukubali yuko hospitali, na gari la wanaoomba yuko nalo, na wageni wamekaa kule hawawezi kumaliza wala kuondoka! Tulirudi tukawakuta wamekula ugali wote, wamejipanga pembeni mwa zulia lililolowa, na Ouma anawasimulia mpira wa miguu kwa kukosa la kusema. Mama mkwe akaingia, hakueleza chochote, akasimama katikati na kusema "ayie", na yule mzee akapiga makofi haraka kabla jambo jingine halijamwagika.

Jumatatu nilipofika kwa daktari nilimkuta mama mkwe ameshaketi kwenye foleni. Koili niliwekewa. Miezi ya kwanza ilinisumbua na damu za hapa na pale, kama daktari alivyonionya, kisha uchungu ukapungua. Haujaisha, umepungua, na kwangu hiyo ni sikukuu. Mwenzangu mwingine mwenye ugonjwa huu alichagua upasuaji, na hakukosea, bitana yake si yangu. Wewe unayelala sakafuni kila mwezi ukiambiwa ni kawaida, nenda ukaulize, na wasipokusikia rudi tena uulize.

Na nimeapa: sitaufunga tena mpira ndani ya nguo nikiwa ukweni. Siku hizi naufunga juu ya dera, mwekundu, kila mtu auone, nakoroga ugali nao. Mama mkwe naye alinituma nimletee wa kwake kutoka Migori. Anaufunga mgongoni.

Kile kiti chenye mto bado tunakigombania.