Siti ya baiskeli imetufikisha hospitali

Jamani, leo nimeaibika barabarani, na nimefurahi kuaibika.

Neema wangu, miezi saba, ameamka anachemka, hataki hata ziwa. Jirani yetu Mwalimu Festo akatupakia kwenye gari lake tukimbilie hospitali Kasulu.

Tumepita Nyakitonto kidogo, mvuke puu! Shingo ya rejeta, pale unapochomekwa mpira wa maji, imekatika. Maji yote chini.

Akatokea mama anasukuma baiskeli imejaa ndizi. Akasimama.

Nikamwambia, "Dada, leo hatununui." (Uchovu huo, mnisamehe.)

"Nani kakwambia nauza? Shika baiskeli isianguke."

Akatoa spana, akachomoa siti ya baiskeli yake! Akaifungua siti ikabaki lile bomba lake la chuma, akalizungushia vipande vya tyubu, akachomeka upande mmoja kwenye rejeta, wa pili kwenye mpira. Akakaza kwa kamba za tyubu, anavuta mpaka kwa meno.

"Na wewe kaka, kachote maji pale mtoni, usinitolee macho."

Tukajaza, gari likawashwa. Halikudondoka hata tone!

Nikamuuliza, "Sasa wewe utakaa wapi?"

Akanicheka. "Baiskeli ya ndizi huwa inakaliwa? Hii ni ya kusukuma. Mpeleke mtoto."

Tukaondoka, sikumuuliza hata jina.

Tuko wodini. Ni malaria, dawa imeshaingia. Walio njia ya Nyakitonto, mkimwona mama anasukuma baiskeli isiyo na siti, mwambieni Neema ameanza kunyonya.