Beki Aliyeambiwa Asirudi Nyuma

Kila asubuhi, kabla hajaweka miguu sakafuni, Komeo hukaa ukingoni mwa kitanda na kulikunja goti la kulia mara kumi. Goti lenyewe halihitaji kukunjwa, linahitaji kupumzishwa, lakini kumi ndiyo idadi aliyopewa na mchua misuli wa timu miaka sita iliyopita, na tangu hapo hajapunguza wala kuongeza. Mkewe ni fundi wa maabara katika zahanati. Humhesabia huku akichana nywele mbele ya kioo.

"Hilo la saba limelia," alimwambia asubuhi ya siku ya kwanza ya maandalizi ya msimu.

"Lililolia ni la sita. Wewe hukusikia tu."

"Baba watoto, limesikika mpaka chumba cha pili."

Komeo ana miaka thelathini na minne. Katika kazi nyingi huo ni umri wa kuanza kupanda cheo. Beki wa kati wa umri huo huulizwa na kila anayekutana naye, kuanzia kinyozi hadi baba mkwe, kwamba baada ya hapa anafikiria kufanya nini. Yeye hujibu kwamba anafikiria mazoezi ya kesho. Si mzaha. Kwa miaka mingi hajapata nguvu za kufikiria zaidi ya hapo.

Jina la Komeo alipewa na mashabiki wa timu yake ya pili, waliodai kwamba akishafunga mlango haufunguki. Msimu uliopita, katika timu ya nne, mlango ulifunguka mara hamsini na nane, na timu ikanusurika kushuka daraja kwa tofauti ya pointi moja. Viongozi wakamwondoa kocha, wakamleta mwingine, mtu mfupi mwenye sauti ya chini ambaye kabla ya mpira alikuwa mwalimu wa hesabu. Kwa wiki moja kocha huyo akaachana na wachezaji tisa bila kugombana na hata mmoja. Kisha akawakusanya waliobaki katika chumba cha kubadilishia nguo, akaegemea mlango.

"Timu hii tutaijenga upya kuanzia nyuma," alisema. "Lakini watu wa nyuma hawatakaa nyuma. Mmezoea kumsubiri mgeni sebuleni. Anaingia, anavua viatu, anakaa, ndipo mnamuuliza anataka nini. Mimi nataka akutwe getini. Apigwe kikumbo kabla hajageuka."

"Na akiruka ukuta, kocha?" aliuliza kipa, ambaye hajawahi kukaa kimya katika kikao chochote.

"Akiruka ukuta utakuwepo wewe. Ndiyo maana sijakuondoa."

Watu walicheka, ila si sana. Wote walikuwa wamekwisha kupiga hesabu. Ligi ilipokea majina ishirini na matano, na orodha ilitakiwa ipelekwe Ijumaa ya wiki ya tano. Mabeki wa kati walikuwa wanne, na kocha alisema wazi kwamba atawabeba watatu. Wawili alikuwa amekuja nao mwenyewe, wana mapafu ya farasi. Ilibaki nafasi moja, na waliobaki kuigombea walikuwa Komeo na kijana mmoja wa miaka ishirini na mitatu aliyejifunza kazi kwake msimu uliopita, mrefu mpaka wenzake wakamwita Ngazi. Asiyeingia kwenye orodha angefanya mazoezi na kikosi cha akiba mpaka mkataba umalizike. Kwa Ngazi hiyo ingekuwa msimu mmoja uliopotea. Kwa Komeo ingekuwa mwisho wa mpira, na hakuna aliyehitaji kumfafanulia.

Kocha alimwita pembeni siku hiyohiyo.

"Miguu yako nimeiona kwenye video," alimwambia. "Sitaki kukudanganya, siihitaji. Ninachohitaji ni mdomo. Safu nzima ipande kwa sauti moja, kwa wakati mmoja, mshambuliaji wao aachwe ameotea. Sauti hiyo iwe yako. Neno moja tu: panda."

"Hilo tu?"

"Hilo tu. Na wewe mwenyewe upande."

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kwa miaka kumi na mitano, kila mpira ulipopotea katikati ya uwanja, mwili wa Komeo ulirudi nyuma hatua mbili kabla yeye hajaamua lolote. Kocha wake wa kwanza kabisa ndiye aliyempandikizia tabia hiyo. Wewe ni ufagio, alimwambia, wenzako wakimwaga vitu wewe unafagia. Na amefagia kweli. Amevunjika pua mara mbili akifagia, amepoteza kucha za vidole vya miguu asizokumbuka idadi, na amefuta makosa ya mabeki wenzake ambao hata hawakujua kwamba walikuwa wamekosea. Hatua hizo mbili ndizo zilizomweka mjini. Sasa aliambiwa azisahau ndani ya wiki tano.

Wiki ya kwanza kocha aliwafunga mabeki wanne kamba viunoni, mita nane kati ya mmoja na mwingine, wajifunze kutembea kama mtu mmoja. Kocha msaidizi akapuliza filimbi. Watatu wakaenda mbele, Komeo akarudi nyuma, kamba ikamkata kiuno na kumlaza chali.

"Mzee, ulikuwa unaenda wapi?" aliuliza Ngazi, akimnyanyua.

"Nyumbani."

"Ungetuaga basi."

Aliporudi nyumbani na alama nyekundu kiunoni, mkewe alitaka kujua ni nani amemchapa. Alipoeleza, binti yao wa miaka tisa aliona hapo pana mchezo. Kuanzia siku ile, baba akiwa amebeba ndoo ya maji, au akifungua kabati la vyombo, sauti ilitoka popote ilipotoka, "Panda," naye alitakiwa achukue hatua moja mbele. Kwa siku kumi alimwaga maji mengi. Kisha mwili ukaanza kuelewa. Wiki ya tatu, katika mechi ya kirafiki, safu ilipanda mara kumi na moja kwa sauti yake, na mara kumi mshika kibendera aliinua bendera. Kiungo mmoja wa wapinzani alilalamika kwa mwamuzi kwamba hawapewi nafasi hata ya kupumua. Kocha, aliyekuwa hasifii mtu, alimpita Komeo njiani akamgusa bega kwa kidole kimoja.

Lakini alikuwa amechoka kwa namna mpya. Zamani alichoka miguu. Sasa alichoka kichwa, kama mtu anayezungumza lugha ya watu siku nzima, akiogopa kuteleza na kusema ya kwao. Alikuwa anasinzia mezani, kijiko kikiwa mkononi.

Mechi ya mwisho ya majaribio ilichezwa Jumatano ya wiki ya tano. Kocha aliwapanga Komeo na Ngazi pamoja katikati, na kila mtu alielewa kwa nini. Walicheza vizuri. Walikuwa wanaingia kwenye mpira kwa nguvu, mmoja akimvaa mshambuliaji na mwingine akimlinda mwenzake mgongo, na mpaka dakika ya sabini wapinzani hawakuwa wamepiga shuti hata moja la maana. Dakika ya sabini na tatu winga wa kushoto wa kina Komeo akapokonywa mpira karibu na mstari wa kati. Mwili wa Komeo ukaanza kurudi. Kisigino kilikuwa tayari kimenyanyuka. Akaukatalia, akausukuma mbele, akapanda hatua mbili, na ndipo alipokumbuka kwamba hajaita.

"Panda."

Pengine ilikuwa nusu sekunde. Ngazi aliisikia na akaja mara moja, lakini mpira ulikuwa umekwisha kupigwa juu ya vichwa vyao. Mshambuliaji aliyekuwa nyuma ya Komeo alikuwa sambamba na goti la Ngazi. Kibendera hakikuinuka. Kipa alitoka, akazungukwa, na wavu ukatikisika.

Alhamisi waliitazama tena katika chumba cha mikutano, pazia likiwa limefungwa na feni ikizunguka polepole. Video za mazoezi hazikuwa na sauti. Kocha aliisimamisha picha pale mpira unapoondoka mguuni mwa mpinzani, akaweka ncha ya fimbo juu ya Komeo.

"Huyu amepanda." Akasogeza fimbo. "Huyu je?"

Ngazi alikuwa anaangalia magoti yake.

"Mmoja yuko getini, mmoja bado yuko sebuleni," alisema kocha. "Kwa mtindo wetu hilo ni goli kila siku."

Akaandika kitu kwenye daftari, picha ikaendelea.

Baadaye Komeo alimkuta Ngazi kwenye bomba nyuma ya chumba cha kubadilishia nguo, akisugua njumu zake kwa brashi ya kufulia. Alifungua bomba la pili ingawa njumu zake zilikuwa safi.

"Mzee," alisema Ngazi bila kugeuka, "jana uliita lini?"

"Niliita."

"Sikuuliza kama uliita."

Maji yalitiririka. Komeo alifunga bomba.

"Nilichelewa," alisema.

"Sawa."

"Mbona hukusema mle ndani?"

"Ningesema nini? Kwamba sikusikia? Beki asiyesikia naye anaenda akiba." Ngazi aligonga njumu ukutani, tope likadondoka. "Halafu ungekataa, tungebaki tunabishana kama wake wenza. Mimi simlalamikii mtu aliyenifundisha kazi. Acha tu."

Alisema acha tu kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayekataa kuongezewa chai. Akavaa kandambili zake akaondoka.

Komeo hakumwambia mkewe jioni ile. Alikula, akamkagulia binti yake daftari la hesabu, akakosea kusahihisha maswali mawili. Alijipa sababu moja baada ya nyingine. Ngazi ni kijana, ana miaka kumi mbele yake. Ngazi angeweza kupanda hata bila kuitwa, macho anayo. Msimu mzima hauwezi kuamuliwa na nusu sekunde. Zote zilikuwa sababu nzuri, na alizipanga moja juu ya nyingine mpaka akaona ni yeye mwenyewe anayezishikilia zisianguke. Katika miaka yote ile alikuwa amefuta makosa ya wengine. Hakuna hata mara moja aliyowahi kumwachia mwenzake kosa lake alifute.

Ijumaa asubuhi alikunja goti mara kumi, akaenda moja kwa moja ofisini kwa kocha. Ofisi hiyo zamani ilikuwa chumba cha kuuzia tiketi, na bado ina kidirisha cha nondo kinachotazama barabara. Kocha alikuwa anakunywa chai, orodha iko mbele yake.

"Goli la juzi," alisema Komeo, akiwa bado mlangoni. "Ngazi hakubaki. Mimi nilichelewa kuita. Nilipanda kwanza, nikaita baadaye."

Kocha aliweka kikombe chini. "Kwa nini?"

"Nilikuwa nabishana na miguu."

"Ingia ukae."

"Goti likikaa sasa halitanyanyuka vizuri. Nitasimama."

Kocha alisukuma kikombe pembeni. "Unajua nilikubakisha kwa ajili ya nini."

"Sauti."

"Na miguu nilikwambia siihitaji. Sasa unakuja kuniambia kwamba sauti nayo inachelewa. Unataka nifanye nini na taarifa hii?"

"Wewe ndiye mwalimu wa hesabu, kocha."

Kocha hakucheka. Alichukua kalamu, akakata jina moja, akaandika jingine juu yake kwa herufi ndogo. Hakuificha karatasi.

"Ungenyamaza ungekuwemo," alisema.

"Najua."

"Jumatatu saa moja, kikosi cha akiba. Usichelewe."

Orodha ilibandikwa saa sita. Ngazi aliisoma mara mbili, akaanza kumtafuta Komeo kwa macho. Komeo alikuwa amekwisha kutoka kwa mlango wa nyuma. Kipa ndiye aliyemfuata mpaka barabarani, glovu zikiwa zimebanwa kwapani, na kwa mara ya kwanza alikosa utani wa kutoa.

"Msalimie shemeji," akasema.

"Zimefika."

Mkewe alirudi saa kumi na kumkuta amelala kwenye kochi na soksi zake, redio ikizungumza yenyewe. Aliizima. Komeo akafumbua macho.

"Umo?"

"Simo."

Aliketi kwenye mkono wa kochi, akaanza kumvua soksi. Komeo alimweleza yote, kisigino, nusu sekunde, video isiyo na sauti, bomba. Alieleza polepole, kama anayesoma majibu ya vipimo.

"Kwa hiyo aliyekuwa anajua ni nani?" mkewe aliuliza.

"Mimi na yeye."

"Watu wawili."

"Wawili tu."

"Basi mlikuwa wengi," alisema mkewe, akakunja soksi pamoja. "Na sasa?"

"Jumatatu akiba. Saa moja."

"Nauliza baada ya hapo."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa swali hilo kutoka kwake. Komeo alitazama dari. Alitafuta jibu lake la siku zote, la mazoezi ya kesho, akakumbuka kwamba kesho ni Jumamosi na hakuna mazoezi.

"Sijui," alisema.

Mkewe aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepokea jibu kamili, akamletea mto. Komeo alilala mpaka jioni. Jumatatu, saa moja kasoro dakika tano, alikuwa katika uwanja wa akiba, ule wenye nyasi upande mmoja tu, akiwapanga mabeki wanne wa umri wa miaka kumi na minane na kumi na tisa ambao hakuna hata mmoja aliyetaka kusogea mbele.