Usiitike Usiyemwona

Mama yangu alikuwa na vidole vya kufinya. Alikushika paja kwa pembeni, akazungusha, huku uso wake ukiendelea kuzungumza na wageni kana kwamba mkono ule si wake. Kosa lililonipatia mifinyo mingi kuliko yote lilikuwa moja tu, kuitikia sauti ambayo mwenyewe sijamwona. Kwao Tanga, mtoto akiitwa jina na mtu asiyeonekana hunyamaza. Anayekuita kwa wema atajitokeza. Asipojitokeza si mtu, na ukimwitikia umeshamfungulia mlango.

Sheria hiyo mama alihama nayo mpaka Guangzhou. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, mimi nina miaka kumi na mmoja, mdogo wangu minne. Baba alikuwa akinunua vitambaa soko la Zhongda na nguo za jumla barabara ya Guangyuan Xilu, akizipeleka Dar es Salaam. Waswahili pale tulikuwa wa kuhesabika, na waliokuja na mke na watoto sikuwajua wengine. Tulipanga chumba kimoja mtaa wa Kangle, juu ya karakana ya kushona. Cherehani zilianza alfajiri na sakafu ikatetemeka chini ya miguu yetu hadi jioni.

Majira ya machipuko kuta za kule hutoka jasho. Unapitisha kiganja ukutani kinarudi kimelowa, nguo kambani hazikauki wiki nzima, godoro linanuka kuvu. "Nyumba hii inalia," mama alisema, na hakuwa anatania. Alikuwa hajaiona bahari kwa miaka miwili. Akaanza kuacha chakula, akaanza kuniuliza kama na mimi nimesikia mtu akiita ngazini. Baba alimjibu kwa kicheko kwamba ni cherehani. Lakini nilimwona akimtazama mama anapolala, na nikajua naye ameingiwa na hofu.

Mwenye karakana alikuwa mtu wa pwani ya mbali kusini, kupita mji wa Zhanjiang, na kila mwaka majira hayo alirudi kwao kusafisha kaburi la baba yake. Alikuwa na basi dogo bovubovu la kubebea marobota. Yeye alimwita baba "laoban", yaani bosi, na baba akamwita laoban vilevile, kwa hiyo walikwenda hivyo miaka yote, kila mmoja bosi wa mwenzake. Baba akamwomba twende naye, tufuate pwani taratibu, tulale humohumo ndani ya gari. Viti vikang'olewa. Likaingia godoro, jiko la gesi, madumu ya maji, gunia la mchele. Mama alishona mapazia kwa mabaki ya vitambaa vya Zhongda, maua mekundu makubwa, akayafunga kila dirisha. Tangu tufike nchi ile sikuwahi kumwona akifanya kitu kwa bidii vile.

Tulikwenda siku kumi, na nyingi zilikuwa njema, nisije nikadanganya. Kulikuwa na mashamba ya miwa, na mananasi yaliyopangwa kando ya barabara. Siku tuliyoona minazi ya kwanza mama alipiga kelele mpaka laoban akafunga breki. Tulinunua nazi nne. Mbuzi ya kukunia hatukuwa nayo, hivyo baba akatoboatoboa mfuniko wa bati kwa msumari, na mama akakunia hapo huku akilalamika kwamba bati litatuua. Tulikula wali wa nazi tumekaa kwenye ngazi ya gari, bahari mbele yetu, mama anaimba kwa pua. Laoban alikula sahani mbili, akaomba ukoko.

Ila vilima vyote vilikuwa na watu. Ulikuwa ndio msimu wao wa makaburi. Kila mteremko tuliopita, familia zilikuwa zimeinama zikifyeka majani, zikichoma karatasi, zikilipua fataki, na moshi ukishuka mpaka barabarani ukaingia kwenye mapazia yetu. Laoban alimweleza baba, kwa mikono na kwa Kichina cha sokoni ambacho baba alikijua, kwamba siku hizi wafu wako njiani. Ukisikia unaitwa nyuma yako, usijibu na usigeuke. Baba akatutafsiria akicheka.

Mama hakucheka. "Unaona?" akasema. "Lisemwalo lipo. Hata huku wanajua. Basi kuanzia leo hakuna kuitana majina humu. Na nyie wawili, anayeitikia asiyemwona, mimi na yeye."

Mambo yangeishia hapo. Lakini baba yangu alikuwa mtu wa mzaha, na mzaha wake ulikuwa haujui kupumzika. Akawa anajificha nyuma ya gari, anabana pua, anatuita. Mdogo wangu akaitika, akafinywa. Siku ya tano aliniita mimi, nikiwa naosha vyombo, na ulimi ukaponyoka. "Abee!" Mama alinifinya mpaka paja likawa na alama ya buluu. "Na wewe mkubwa!" aliniambia, na macho yake yalikuwa na machozi. Baba aliomba radhi, akanibeba mgongoni, lakini mimi nilishaamua. Mtu hatanipata tena.

Siku ya saba tulifika kwa akina laoban. Yeye akaenda kulala kijijini kwa ndugu zake, sisi tukabaki na gari ufukweni, mahali ambapo maji yakitoka huacha tope jeupe mpaka mwisho wa macho. Wanawake wa pale waliingia humo na vikapu kuokota chaza. Mama aliwatazama jioni nzima, akasema kwao chaza huchemshwa na ndimu, na baba akasikia.

Asubuhi niliamka dirisha likiwa jeupe. Nilivuta pazia nikadhani mtu amefunika gari kwa shuka. Ukungu ulikuwa umetanda hivi kwamba ndoo yetu, hatua tatu kutoka mlangoni, haikuonekana. Mama na mdogo wangu walikuwa wamelala. Mahali pa baba palikuwa patupu, msala wake umekunjwa.

Ndipo nikaitwa jina.

Lilitoka mbali, upande wa maji, jembamba. Nikaganda. Likaitwa tena, jina langu lote, kama lilivyoandikwa kwenye pasi, na sauti ilikuwa ya baba na si ya baba. Nilijiambia ni mzaha, amebana pua. Kisha nikajiambia si mzaha, ni kile alichokisema laoban. Katika yote mawili jibu lilikuwa lilelile. Nilifikiria kumwamsha mama, nikaogopa ataitika kwa usingizi, achukuliwe yeye. Nikamziba mdogo wangu masikio kwa viganja vyangu, nikaanza kusoma Ayatul Kursiyu.

Aliita mara ya tatu. Halafu haikuwa tena jina, ilikuwa "mwanangu" tu, kisha "oo, oo", kama mtu anayefukuza ng'ombe. Kisha nikasikia maji yakiingia, polepole, na hakuna kingine. Nikarudisha pazia. Nilijisikia nimeshinda, na hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo, kwamba kwa muda fulani nilijisifu.

Mama alipoamka ukungu ulikuwa unaanza kukatika. "Baba yako yuko wapi?"

"Sijui," nikasema.

Wanawake wawili wa chaza ndio waliomleta, wamemshika makwapani. Alikuwa tope mpaka kifuani, midomo ya kijivu. Unyayo wake wa kulia ulikuwa umepasuliwa na magamba ya chaza, kutoka kidole mpaka kisigino. Alikuwa ameondoka na ndoo baada ya sala kumtafutia mama chaza, ukungu ukamfunga, maji yakaanza kurudi, na yeye hajui nchi kavu iko wapi. Mama alipiga ukunga. Baba alicheka huku meno yakigongana.

"Nimeita mpaka koo limekauka," akasema. "Ningesikia hata kikohozi kimoja, ningejua gari liko wapi. Nimekwenda kulekule baharini! Mlikuwa mmelala?"

"Tumelala kama magogo," mama akasema akilia.

Baba akanigeukia. "Na wewe?"

"Nililala, baba."

Alinitazama kidogo, kisha akaomba chai.

Wahenga wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nililisikia la mkuu, na guu lililoharibika halikuwa langu. Kidonda kilioza njiani, tukarudi Guangzhou kwa siku moja na nusu bila kusimama, na daktari akakata vidole viwili. Tangu hapo baba alitembea kwa kuburuza. Pale Kangle nilimtambua tangu ngazi ya chini, kishindo na mburuzo, kishindo na mburuzo, nami nikainamia vyombo kabla hajafika mlangoni. Nikifuatana naye Guangyuan Xilu, wapagazi wakipiga kelele nyuma yetu tuwapishe na marobota yao, mimi nilisimama katikati ya njia kama jiwe. Kuta zilipotoka jasho tena mwaka uliofuata, nilianza kusikia jina langu ndani ya cherehani. Sikumwambia mama. Ningemwambia nini, kwamba mafunzo yake yameniingia vizuri?

Baba alikifanya kisa kile kichekesho. Kila Mtanzania aliyepita kwetu alisimuliwa: jinsi alivyoita, jinsi familia yake ilivyokuwa inakoroma, jinsi alivyotaka kuwa kitoweo cha kaa wa Kichina. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Nilipeleka chai, nikacheka nao.

Lakini jina langu hakuliita tena. Sikugundua mara moja. Alisema "mama", kama kina baba wanavyowaita binti zao, au "wewe mwanamke", au alimtuma mdogo wangu: "Kamwambie dada yako aje." Nilipoolewa alisema "bibi harusi". Nilipopata watoto alisema "mama watoto". Kwa miaka zaidi ya ishirini hakulitaja, nami sikumuuliza kwa sababu nililijua jibu. Ndiyo maana hata hapa siliandiki. Nimezoea kukaa bila hilo.

Walirudi Dar es Salaam, wakajenga Mbagala. Mama akatangulia mbele za haki. Sukari ikamla baba ule mguu mbovu mpaka gotini, ikamalizia macho. Mwaka jana nilihamia kwake kumuuguza. Alilala chumba cha mbele, akasikiliza redio, akataniana na kila aliyeingia, akaniita "nesi". Nami kila siku nilikwenda mpaka mlangoni pake kwa nia ya kusema, nikaishia kumuuliza kama amekunywa dawa.

Siku moja saa sita mchana nilikuwa uani nachambua mchele. Redio ilikuwa imezimika kwa kuwa umeme umekatika. Nikasikia naitwa jina, lote, kama lilivyo kwenye pasi. Sauti ilikuwa nyembamba, ya baba na si ya baba, na ukuta katikati yetu, simwoni.

"Abee, baba!"

Ungo ulimwagika. Niliitika tena nikiwa koridoni, nikaitika mara ya tatu mlangoni, kwa nguvu, mpaka jirani akachungulia dirishani. Baba alikuwa ameketi kitandani, uso ameuelekeza mahali nilipo, na mkono ameunyoosha mbele kama mtu anayepapasa njia.

"Nipo, baba. Niko hapa."

"Nimekusikia," akasema. Akanishika kifundo cha mkono. "Mara moja inatosha, mwanangu. Siku ile pia ingetosha."

Nilipiga magoti nikalia kwenye shuka lake, nikamwambia yote, pazia, masikio ya mdogo wangu, Ayatul Kursiyu. Hakuniambia amenisamehe. Alinipigapiga bega mpaka nikamaliza, kisha akaniita tena jina langu, kwa sauti ya kawaida sasa, akaomba maji.