Kola ya Mama Disebo na Mashine ya Mapipa Mawili

"Tangu leo mikono hii haikamui nguo tena!" Mama Disebo alitangaza mbele ya akina mama hamsini na tatu wa umoja wa kanisa letu hapa Botshabelo, Afrika Kusini, Alhamisi ya kwanza ya Kwaresima. "Mashine itafua, mashine itakamua, na Pasaka kola yangu itafanya zenu zionekane matambara ya kudekia!"

Wengi walicheka. Mwenyekiti, Mama Mantwa, hakucheka. Huyu ni mwanamke ambaye hata akikukaribisha chai unajisikia umekamatwa.

"Sare imeombewa," akasema. "Haiingii kwenye chombo kinachozungusha soksi na chupi."

"Basi yangu itaingia kwanza, chupi zitapanga foleni," Mama Disebo akajibu, akaketi, akanyoosha sketi yake.

Wenzake hawakujua kilichomfanya abwate hivyo. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kupinda. Kwa miaka kumi na tisa amesimama mstari wa mbele kwenye maandamano ya alfajiri ya Pasaka: blauzi nyekundu, kola nyeupe, kofia nyeupe. Mstari huo una sheria moja tu. Kola isiyong'aa inarudi nyuma kwenye viti, pamoja na wagonjwa na wenye magongo, na aliyekwenda kwenye viti hajawahi kurudi mbele. Na sare kila mwanamke anaifua mwenyewe; ukimpa binti yako akufulie ni sawa na kumtuma akakusalie. Kwa hiyo Mama Disebo alikuwa akiibana kola kati ya magoti na kuikanda kwa ngumi, mlango umefungwa kwa ufunguo. Ilikuwa ikitoka na rangi ya meno ya mvuta sigara.

Kikundi chake cha akiba hugawana pesa Jumamosi, wiki moja kabla ya Pasaka. Jumamosi hiyo hiyo tukaenda mjini: yeye, binti yake Keneuwe, na mimi jirani kwa sababu ya pikapu yangu. Nyumba yao ni ya watu hao wawili tu. Keneuwe anafanya kazi benki, na alikuwa ameshachagua kwenye simu: mashine nyeupe yenye mlango wa kioo, na ya kukaushia inakaa juu yake kama ghorofa.

Mama Disebo yeye alibeba mfuko wa mistari, na ndani yake blanketi lake la mink la pande mbili, la manyoya laini, lile zito ambalo ukijifunika unaota umezikwa.

"Kwa watu wawili, Mama, hii ya kilo saba inatosha kabisa," akasema muuzaji, kijana anayeitwa Katleho, tai imembana mpaka macho yamemtoka.

"Watu wawili, ndiyo. Kwani ninyi hapa mnafua watu?" Akalitoa blanketi, akaanza kulisukumia ndani ya mashine ya maonyesho. Nusu ikaingia. Nusu ikabaki inaning'inia nje kama ulimi wa ng'ombe.

"Mama, watu wanatutazama!" Keneuwe akanong'ona.

"Wacha watazame, labda kwao wanajifunika magazeti. Mwanangu Katleho, hii inapataje maji?"

"Inavuta yenyewe bombani, Mama."

"Bomba langu hutoa maji Jumanne na Ijumaa, na siku hizo lenyewe hutoa kwa kusitasita. Ndoo nitamiminia wapi?"

Katleho akaizunguka mashine akitafuta tundu. Akarudi alipoanzia.

"Na umeme ukikatika katikati ya kufua?"

"Mlango unabaki umefungwa, Mama, mpaka urudi."

"Yaani nguo zangu zinakwenda jela bila kesi. Na hii ya juu, ya kukausha, inakula umeme kiasi gani?"

Katleho akakohoa. "Kiasi, Mama."

"Kiasi cha kuku au kiasi cha ng'ombe?"

"Cha... ng'ombe."

"Asante kwa ukweli. Upepo wa kwetu unakausha mpaka mtu, na haujawahi kuniletea risiti."

"Mama, hizo za mapipa mawili ni za kizamani," Keneuwe akalalamika, maana alishaona macho ya mama yake yanakwenda wapi. "Wenzangu kazini watanicheka."

"Hao wenzako wanaletewa maji na lori?"

Ya mapipa mawili ilikuwa kona ya nyuma kabisa, karibu na choo cha wafanyakazi, kana kwamba duka linaionea aibu. Pipa moja la kufulia, unajaza kwa ndoo. La pili la kukamua, dogo, linazunguka kama limetukaniwa mama yake. Blanketi likaingia lote katika la kwanza. Kisha Mama Disebo akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya hadharani: akavua glavu zake nyeusi. Vidole vilikuwa kama mizizi ya tangawizi. Akashika swichi ya kuzungusha, kubwa kama kifuniko cha chupa, akaigeuza mara moja tu, ikageuka.

"Hii," akasema.

Keneuwe aliitazama ile mikono. Habari ya wenzake kazini hatukuisikia tena.

Sasa, kosa. Alhamisi kabla ya Pasaka, Mama Disebo alitimiza ahadi: sare iingie kwanza, mashine ikiwa bado mpya. Na kwa kuwa sare haichanganywi na kitu cha nyumbani, aliona heshima kamili ni kuifua pamoja, yenyewe kwa yenyewe: blauzi, kola na kofia ndani ya maji yale yale. Kola nyeupe inapenda maji ya moto, basi akamimina mabirika matatu yanayochemka. Ile blauzi nyekundu ilikuwa haijaguswa na maji ya moto kwa miaka kumi na tisa. Ilitapika rangi yote iliyokuwa nayo.

Kola na kofia zilitoka safi kabisa, zimekamuliwa vizuri, zina rangi ya ufizi.

"Nikimbie kwa fundi nikununulie mpya?" Keneuwe akauliza, karibu kulia.

"Mpya haijaombewa. Lete pasi."

Alfajiri ya Pasaka alifika na akasimama pale pale pake, mstari wa mbele. Mama Mantwa akamjia akiwa ameinua taa.

"Disebo. Hiyo shingoni ni nini?"

"Kola."

"Ni ya waridi!"

"Na ni safi. Njoo uinuse."

"Dada yangu, sheria unaijua. Viti viko nyuma."

Mama Disebo akavua glavu, akainua mikono yake kwenye mwanga wa taa, wote hamsini na tatu wakaiona. "Vidole hivi ndivyo vinavyotaka viti. Mimi sitaki. Miaka miwili nimefua kola kwa magoti, na hakuna kati yenu aliyejua. Sasa mmejua. Haya, nishike mkono unitoe, Mantwa, kama wako bado unashika."

Nilimwona Mama Mantwa akiitazama ile mikono muda mrefu, kisha taratibu akaitua taa, akaficha ya kwake chini ya Biblia. Mama Disebo hakungoja ruhusa. Akaanzisha wimbo, juu mno kwa sauti yake, akatupa mguu wa kwanza, na maandamano yakamfuata kwa sababu yalikuwa nyuma yake.

Mwezi wa tano baridi ilipoanza kuuma, Mama Mantwa alisimama getini kwa Mama Disebo, mfuko wa mistari begani.

"Nasikia hiyo mashine yako inameza blanketi zima."

"Inameza."

"Hata la mwenyekiti?"

"Haijui mwenyekiti ni nani. Maji unakuja nayo, ndoo sita."

"Nitaleta. Na bei?"

"Blanketi la mink la pande mbili, kufua na kukamua, ni randi arobaini," akasema Mama Disebo, akamfungulia geti.